Taa ya Chumba cha Wazazi

Mume wangu Mikidadi hawezi kuona taa ya zamani akaiacha ilivyo. Chumba chetu cha kupanga hapa Kaloleni kimejaa taa za shaba za enzi za mkoloni. Anazifumua, anapitisha waya mpya, anabadili holda, anafunga globu za LED. Ukimsifu kazi yake, siku hiyo hata chakula hakumbuki. Mimi zimenichosha, maana nyingine zinalala kitandani kwangu.

Julai aliitwa kwenye zahanati moja ndogo mlimani, upande wa magharibi ya Meru, abadilishe taa zote. Alimaliza mapema. Akiwa anakusanya vifaa akaona, kwenye chumba cha wazazi, taa moja kuukuu yenye shingo ndefu, globu yake ya kizamani inachoma vidole. Hakuuliza mtu. Akaifunga LED bure, sadaka yake, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Taa ile haikuwa ya kuonea. Muuguzi Hanna aliiweka kuwapasha joto watoto njiti, na wiki hiyo Hanna alikuwa likizo.

Siku ya tatu, asubuhi ya baridi kali, binti anayeitwa Nkasiogi alijifungua mtoto wa miezi saba. Muuguzi wa zamu, mgeni pale, alimlaza mtoto chini ya taa kama alivyoelekezwa. Taa iliwaka. Hakuna aliyepitisha mkono kusikia kama ina joto. Kufika saa nane mchana mtoto alikuwa amekufa.

Hanna aliporudi kazini ndiye aliyetupigia simu. Mikidadi alisikiliza mpaka mwisho, akakaa sakafuni. Mimi nilipandwa na hasira. "Kiherehere chako!" nilimwambia. "Nani alikutuma?" Nikajuta papo hapo, lakini neno likitoka halirudi.

Jumapili tukapanda mlimani kumwomba radhi yule mama. Njia nzima Mikidadi alikuwa anajifunza maneno ya kusema. Tulimkuta nje ya nyumba yao, kifua amekifunga kanga kwa ajili ya maziwa.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mikidadi. "Mimi ndiye fundi niliyebadili ile taa ya chumba cha wazazi."

Nkasiogi akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante sana, baba. Ile taa ni nyeupe. Nilimwona mwanangu vizuri, mpaka kucha zake."

Hakuwa anajua. Mikidadi akanigeukia. Nami, mwenye maneno mengi, nikaomba maji ya kunywa. Akatuletea. Tukanywa, tukaaga, tukashuka.