Matofali ya Shamba la Mzee Majani

Kituo cha redio alikofanya kazi mtangazaji mmoja wa kike kwa miaka kumi na tisa kilikuwa na vyumba viwili tu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta za studio zilibandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi, na mtu akikata bati huko chini, ilibidi upigwe wimbo mpaka amalize. Humo ndimo alimotangazia kipindi cha kilimo kila Jumanne na Ijumaa asubuhi. Sauti yake ilijulikana kuliko sura: akiuliza bei ya nyanya sokoni, watu wanageuka.

Ila shambani hakwenda. Kituo hakikuwa na usafiri, wala hakuna aliyewahi kumfundisha kuwahoji wakulima. Alisoma tu karatasi alizoletewa na muuza pembejeo aliyedhamini kipindi, na karatasi hizo zilisifu mbolea ya mfuko, mwanzo mpaka mwisho.

Kumbe kaka yake wa tumbo moja alikuwa mkulima, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Majirani walimwita Mzee Majani, kwa kuwa alibeba kwa magunia majani makavu ambayo wenzake waliyachoma. "Watu wanakusanya mali, mwenzetu anakusanya majani," walimtania. Yeye aliyafukia pamoja na samadi, akachanganya mahindi na maharage, mabua akayaacha yaoze palepale. Kwa miaka kumi na mmoja kishamba chake cha nusu ekari kikawa cheusi na laini; ukichomeka kidole, kinazama chote.

"Dada, njoo siku moja na kidude chako cha kurekodia," alimwambia kila walipoonana. "Nikuonyeshe minyoo."

"Kaka yangu, nani atafungulia redio asikilize minyoo?"

Walicheka wote wawili, na safari ikaahirishwa.

Ijumaa moja karatasi ilikuja na sentensi hii: "Mkulima wa kisasa haparui majani kama kuku." Aliisoma, ikamchekesha, akairudia kwa mbwembwe. Baadaye alikiri kwamba alijua inamgusa nani. Wazo lilimpitia kichwani kama nzi, akalifukuza.

Kufikia mchana, kila alikopita kaka yake palikuwa na mtu wa kumwigizia kuku. Msimu ule hakuokota hata jani moja. Mfyatua matofali, ambaye siku nyingi aliumezea mate udongo wa shamba lile, akaja kubisha hodi tena, na safari hii hakurudishwa. Kwenye simu kaka alimwambia dada yake, "Tupo, tunasukuma siku," basi.

Mwaka uliofuata likaja kituoni shirika linalosaidia waandishi wa habari wa mashinani. Liliwapa mafunzo ya wiki nzima, vinasa sauti viwili na mafuta ya pikipiki, ili waende wenyewe kuwasikiliza wakulima wadogo wanaotunza udongo. Mkufunzi alimtaka kila mmoja aandike mkulima atakayeanza naye. Wenzake walikuna vichwa. Yeye aliandika upesi, kwa fahari: "Kaka yangu."

Alimkuta wifi yake uani akichambua maharage.

"Shikamoo wifi. Kaka yuko shambani?"

"Marahaba. Shamba lipi, wifi?" Mama yule hakuinua macho. "Haya maharage nimenunua sokoni. Siku ile ulipomfananisha na kuku, alizima redio. Hajaiwasha mpaka leo."

Mtangazaji alitembea hadi nyuma ya nyumba. Palipokuwa na shamba palikuwa na shimo lenye kina cha kiuno, maji ya rangi ya chai yametuama ndani, na bata wa jirani wanaogelea. Kando yake, kaka yake alikuwa akipanga matofali kwenye tanuri la yule mfyatua.

"Umekuja na kidude," kaka alisema.

"Nisamehe, kaka."

"Nimeshakusamehe, wewe ni damu yangu. Lakini neno ulilisema mbele ya watu wote, msamaha unaniletea hapa tulipo wawili."

Kaka akajifuta mikono, akaketi juu ya matofali. "Haya, washa. Niulize."

Alieleza kwa saa nzima: majani yepi huoza haraka, samadi ikae siku ngapi, harufu ya udongo ulioiva. Alieleza kama mtu anayemsimulia marehemu.

Ijumaa mazungumzo yalirushwa yote, na kabla ya hapo mtangazaji aliomba radhi hewani, bila kuzunguka. Muuza pembejeo alijiondoa wiki hiyohiyo. Meneja alinuna mwezi mzima. Lakini simu ziliingia. Wajane watatu wenye kishamba cha pamoja walitaka Mzee Majani aende kuwafundisha.

Anakwenda kila Jumamosi.

"Na lako, kaka?" dada alimuuliza siku moja. "Tukilifukia shimo, si utaanza upya?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Na udongo ukishachomwa ndiyo basi. Nina miaka sitini na tatu. Ule ulinichukua kumi na mmoja."

Wifi anasema Jumamosi hurudi anacheka peke yake, mikono myeusi hadi viwikoni, lakini akifika penye shimo hupita haraka bila kulitazama. Mtangazaji naye, akienda kuwasalimu, huzungukia njia ya mbele, japo ni ndefu.