Ubao wa Mzee Tarlok

Mimi Mahfoudha siujui vizuri ugomvi wa Makalasinga, na sioni haya kusema. Nnalolijua ni hili: huko kwao Bara Hindi majimbo mawili yanagombania nani asimamie mahekalu, na ugomvi huo ukapanda ndege, ukateremkia hapa Maskati. Ala! Watu wamekuja kutafuta riziki, wamebeba na fitina kwenye masanduku.

Aliyeumia ni Mzee Tarlok, fundi seremala, jirani yangu hapa Ansab. Kazaliwa Kisumu, na baba yake kazaliwa huko huko. Tunasemezana Kiswahili ukutani, mimi cha Unguja, yeye cha bara, na kila mmoja anamcheka mwenziwe. Miaka ishirini na mitatu, kila Ijumaa, kazi yake ni moja katika hekalu lao la Ruwi: kukaa mlangoni, kupokea viatu vya wanaoingia, kuvipangusa vumbi kwa kitambaa na kuvipanga kwenye rafu. Kwao hiyo ni ibada kubwa.

"Mama," huniambia, "vumbi la viatu vya watu ndilo linanisafisha mimi."

Hana mke, hana mtoto. Mlango ule ndio ukoo wake.

Basi mwezi uliopita kamati ikagawanyika. Kila jimbo likataka mpokea viatu wake, na rafu ikatwe kati kwa ubao. Wakamwuliza mzee, "Baba yako wa jimbo gani?"

"Mimi mtu wa Kisumu."

Wakacheka. Wakampokonya kitambaa. Halafu, kwa vile fundi ni yeye, wakamwagiza yeye huyo huyo atengeneze ubao!

"Usitie mkono wako!" nikamwambia. "Wapigilie wenyewe, nyundo iwaponde vidole!"

"Kazi ya hekalu haikataliwi, mama."

Siku tatu nikaisikia randa yake, shhh, shhh, mpaka usingizi ukinichukua barazani na kikombe mkononi. Harufu ya mbao mpya ilijaa nyumba nzima. Alkhamisi asubuhi wakaja kuuchukua ubao, naye akanihadithia ndoto yake. Ati viatu vyote vya hekalu vimetoka, vinakwenda pole pole katika njia za Ruwi, ndani hamna miguu, vinamwuliza kila mpita njia, "Wenyewe wako wapi?" Na vyake vilikuwemo. Wallahi ndoto ile ilinikaa. Siku nzima nikawa nnaviona vikipita.

Ijumaa nikampeleka kwa gari kama kawaida. Jua lile, lami inameremeta, majengo ya Ruwi yanatikisika kama yamo ndani ya maji. Akataka nimteremshe mbali, mwanzo wa njia ya hekalu. Aliposhuka ndipo nilipoona. Peku!

"Mzee, viatu!"

Hakugeuka. Nikachukua ndara zangu za akiba, nikamkimbilia, nnamtukana na machozi yananitoka.

Mlangoni wamekaa wapokea viatu wawili, mmoja huku, mmoja kule, ubao katikati. Wote wakanyoosha mikono, kisha wakatazama chini. Nyayo zilikuwa nyekundu, zishaanza kutoka malengelenge.

"Viatu vyako viko wapi?" akauliza mmoja wao kwa Kihindi, na Kihindi cha sokoni mimi nnakijua.

"Havina upande."

Wakainuka kwa pamoja, wakaleta maji. Mmoja kashika mguu wa kulia, mwengine wa kushoto, wanaosha na hawatazamani. Mzee kaushikilia ubao wake asianguke. Mimi nimesimama na ndara mkononi, sijui kama niko macho au nimelala.

Akasema taratibu, "Basi nigaweni na mimi."

Mikono ikasita. Yule wa kulia akainamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa mguu wa mzee, akalia. Yule wa kushoto akatoa kitambaa mfukoni, kile kile walichompokonya, akampa bila ya kumtazama usoni.

Ubao haujatolewa, majimbo bado yanagombana. Lakini kiti cha Mzee Tarlok kimerudi, kiko mbele ya ubao, na viatu vya wote vinapita mikononi mwake kwanza.