Namba Yangu ya Kiwandani

Siku ya kwanza ya kujiajiri nilikuwa na miaka hamsini na tatu, na kazi yenyewe ilikuwa bawaba ya mlango wa choo. Mwenye choo ni jirani yangu hapa Kilole, Mama Zuhura. Alinionyesha mlango ulivyolegea, nami nikasimama nikimtazama. "Fundi, mbona huanzi?" akauliza. Nilikuwa nangoja karatasi ya kazi. Kiwandani fundi hakugusa nati bila karatasi yenye sahihi ya fomeni, na mazoea ya miaka ishirini na sita hayatoki mwilini kwa wiki moja. Niliona aibu, nikatoa bisibisi.

Kiwanda ninachosema kilikuwa cha mkonge, upande wa Korogwe, na mimi nilikuwa fundi wa korona. Vijana mkisikia korona mnawaza barakoa. Kwetu ni mashine ya kuchakata mkonge, yenye ngoma kubwa iliyofungwa visu butu vinavyokwangua nyama ya jani na kubakiza singa, yaani nyuzi. Kati ya kisu na bamba lililo mbele yake kuna nafasi ndogo, tuliyoipima kwa vijibati vyembamba. Ikizidi, singa zinatoka na uchafu. Ikipungua, zinakatika. Na kisu kisipokazwa vizuri kinaruka, na kikiruka hakichagui mtu.

Ndiyo maana palikuwa na desturi ya chapa. Kila fundi alipewa namba, na kila akimaliza kufunga kisu aliipiga kwa nyundo kwenye chuma. Yangu ilikuwa arobaini na saba. Siku aliyonipa, injinia wa kiwanda, mtu mkali asiyejua kucheka, aliniambia, "Mhina, ukishapiga namba hapo, hicho kisu ni wewe. Kikiruka, nakuja kukugongea mlango." Hakuwahi kuja. Wazee wetu waliwacheka manamba, wale watu waliotoka mbali kuja kukata mkonge wakaitwa kwa namba badala ya majina. Mimi mwenyeji wa hapa hapa nikaipokea yangu kwa majivuno. Ujinga wangu.

Baadaye akaja meneja mpya, akatuita ofisini mmoja mmoja. "Mzee, umri umekwenda, na shamba linapunguza watu. Si kosa lako," akasema huku anatazama simu. Stoo walipokea spana, ovaroli, hata kufuli ya kabati. Chapa zangu mbili, vile vyuma vya kupigia tarakimu 4 na 7, hawakuziulizia kwa sababu nilizinunua mwenyewe. Nilizitia mfukoni nikatoka nazo getini. Nilikuwa na hasira, na mpaka leo ninayo.

Basi bawaba ya Mama Zuhura nikaipiga 47. Alicheka sana. Nikaendelea kupiga kwenye vitasa, cherehani na mashine za kusaga, kuanzia Kilole mpaka vijiji vya Handeni. Huko Handeni, kwenye nyika kavu, ndiko nilikoitwa na Lekishoni, mfugaji wa rika langu, mwenye pampu ya mkono ya maji ya ng'ombe. Niliifungua, nikabadilisha washa ya ngozi inayobana maji yasirudi chini, nikaifunga, nikapiga chapa. Lekishoni akainuka na fimbo yake.

"Unafanya nini, fundi?"

"Naweka namba yangu."

"Yako? Kwetu ng'ombe akiwa na alama yako ni ng'ombe wako. Sasa hii pampu ya nani?"

Nikamweleza habari za kiwanda, visu na injinia. Wake zake walikuwa wamesogea na ndoo zao kusikiliza. Alinisikia mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu: "Futa."

Nilisugua kwa tupa nusu saa nzima, huku moyoni nasema watu wa porini hawajui kazi. Nayaandika haya ili mjue nilivyokuwa.

Mwaka wa tatu tangu niondoke, kisu kiliruka kule kiwandani, kikamvunja mkono mama aliyekuwa analisha majani. Waliokiokota walikuta kimepigwa 47. Siku hiyo hiyo habari ilifika Kilole. Mama Zuhura alikuwa amenipa kazi ya paa la jiko. Alikuja uani kwangu akasimama mbali.

"Baba Amina, samahani. Ile kazi tuiache kwanza. Watu wanasema ile namba ni yako."

"Mama, mimi si nimetoka pale mwaka wa tatu huu!"

"Najua. Lakini ndiyo ile ile iliyo kwenye mlango wangu."

Nilikwenda kiwandani. Mlinzi niliyekunywa naye chai miaka yote alinisainisha kitabu cha wageni. Meneja alikiri bila haya kwamba namba yangu alipewa kibarua aliyeingia baada yangu. Nikamwomba jambo moja: aseme mbele ya wafanyakazi kwamba kisu kile hakikufungwa na Mhina.

"Mzee, namba ni mali ya shamba, si yako," akasema. "Na jambo lenyewe bado linachunguzwa. Sitasema chochote."

Fundi wa mtaani hana ofisi wala bango. Anaitwa kwa sababu mtu amemtaja kwa mwenzake, na mimi sasa nilikuwa natajwa kwa mkono uliovunjika wa mama yule wa kiwandani. Ilipita miezi bila mtu kunipigia hodi. Nilikaa uani nikinoa vyombo ambavyo havikuwa na kazi.

Aliyenipigia simu ni Lekishoni. Washa ilikuwa imeisha tena. Nilimweleza habari zote kabla sijatoka nyumbani, asije akazisikia kwa wengine. "Njoo," akasema.

Nilipomaliza nikaanza kukusanya vyombo.

"Leo huweki alama?"

"Si wewe uliyenifutisha?"

"Nilikuwa sikujui. Pampu imekaa miaka miwili bila kulia. Weka."

Nikamwonyesha zile chapa mbili. "Namba hii wamempa mtu mwingine."

"Na wewe uko hai?"

"Niko hai."

Akatema mate pembeni. "Kwetu alama ya mtu haipewi mwingine na mwenyewe anatembea. Jina lako nani, fundi?"

Nikamtajia.

"Weka hilo."

Sikuwa na chapa za herufi. Nikachukua tindo ndogo na nyundo, nikachonga mstari mmoja mmoja pale pale nilipopasugua kwa tupa. Bahati jina langu ni mistari minyoofu mitupu. Hata hivyo lilitoka limepinda.

Siku hizi nimeacha hata ufundi wa mtaani, macho hayaoni tena uzi wa nati. Mlango wa choo cha Mama Zuhura unafunga vizuri mpaka leo, na hajaniita tena. Meneja sijamsamehe, wala sijisumbui kujaribu. Korogwe nzima, kwenye visu vyote nilivyofunga kwa miaka ishirini na sita, hakuna hata kimoja chenye jina langu. Liko Handeni, kwenye pampu moja ya maji ya ng'ombe, na nililichonga kwa sababu mwenye pampu aliniuliza naitwa nani.