Dereva Aliyeandika Kwamba Aliona

Wenzake walimwita Taratibu, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye karatasi za ofisi. Alikuwa dereva wa treni za mizigo kwa miaka ishirini na sita. Walisema akiing'oa treni ya mabehewa arobaini stesheni, kikombe cha chai kilichojaa pomoni hakimwagi hata tone. Yeye hakuwa mtu wa kujisifu, kazi hiyo alimwachia mkewe, ambaye akikaa na majirani husema, "Nyie waume zenu wanaendesha pikipiki mnatujazia kelele. Wangu anaendesha mlima, na humsikii."

Lakini mlima ule haukuwa wake tena. Baada ya ajali aliomba atolewe njia kuu, akawekwa palepale stesheni kupanga mabehewa: livute hili, lisukume lile, kwa mwendo wa bibi harusi. Saa tisa alasiri anamaliza, anarudi nyumba ya tatu katika safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Vyumba viwili, jiko, na ua mdogo wenye kamba ya kuanikia nguo.

Mkewe hakuwepo. Alikwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua, akaaga kwamba anakwenda kwa wiki tatu. Sasa mtoto alikuwa anasimama dede. Hakuna aliyegombana na mwenzake wala aliyetupa neno baya. Kila walipoongea kwa simu alisema, "Nitakuja mwezi ukiisha," na miezi ikawa inaisha. Taratibu hakumlaumu. Alijua kwamba miezi ile ya mwisho kabla hajaondoka mama wa watu alikuwa akiishi na mtu anayejibu "ndiyo" na "hapana", anayekula akiutazama ukuta. Hata sasa alikuwa bado hajajifunza kupika wali wa mtu mmoja. Kila jioni ulibaki wa kulala, na asubuhi aliula kiporo akiwa amesimama.

Ajali yenyewe ilitokea saa nne asubuhi, jua kali, hakuna ukungu wala mvua ya kusingizia. Kuna mahali barabara ya vumbi inaikata reli katikati ya mashamba. Hapana geti, hapana mlinzi, hapana taa. Pana kibao kimoja tu, kilichokuwa kikisema "Simama" zamani, kabla jua halijakinyamazisha. Taratibu alipiga honi pale inapopaswa kupigwa. Halafu akaona vumbi upande wake wa kulia, na mbele ya vumbi, lori la saruji likija mbio kuelekea kivukoni. Akapiga honi tena, safari hii akauacha mkono palepale. Akavuta breki ya dharura. Lakini treni iliyosheheni haisimami kwa kuombwa; inataka kilomita nzima na ushee, na lori lilikuwa limebakiza mita mia tatu kukutana nayo. Treni haina usukani. Mwenye gari anaweza kukwepa, akaingia shambani, akagonga mti. Mwenye treni, akishavuta breki, kazi iliyobaki ni kutazama.

"Lala chini!" alimpigia kelele msaidizi wake, naye akajitupa sakafuni.

Lori lilivunjika vipande viwili. Treni ilipokuja kusimama, ilibidi warudi nyuma kwa miguu mwendo wa dakika kumi. Walikuta watu wawili wametupwa nje kwenye mihogo. Mmoja alikuwa ameshakata roho. Mwingine alikuwa anahema kama anayetafuta kitu kifuani mwake. Walikuwa ndugu, tumbo moja, wote madereva, waliokuwa wakipokezana usukani.

Tangu siku hiyo kila mtu alimwambia Taratibu neno moja: huna kosa. Msimamizi alimwambia. Polisi walimwambia. Majirani walimwambia wakimpa pole, kisha wakageuza mazungumzo haraka, kama mtu anayefunika sufuria. Ajali haina kinga, huna kosa, twende tukanywe chai. Na mtu asiye na kosa ana nini tena cha kusimulia? Akanyamaza. Kimya kikaota mizizi.

Jumamosi moja alikuwa uani anafua ovaroli aliposikia hodi.

"Karibu, pita tu, mlango hauna komeo."

Aliyepita alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, anategemea gongo, mguu wa kushoto ukikokota. Kwapani alibana bahasha ya kaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Unamtafuta nani?"

"Natafuta dereva wanayemwita Taratibu."

"Umempata."

"Mimi ndiye wa lori. Yule aliyepona."

Taratibu aliikamua ovaroli ileile mara mbili kabla ya kuitua kwenye beseni. Akafuta mikono kwenye suruali, akamwingiza ndani, akampa kiti chenye mgongo mzima, yeye akakalia kile kibovu. Aliweka maji ya chai jikoni, akarudi.

"Mguu unaendeleaje?"

"Unavumilika. Mzee, sikuja kwa ajili ya mguu." Mgeni alivuta karatasi kutoka kwenye bahasha. "Mimi siku ile siikumbuki. Nakumbuka tulikunywa chai kwa mama mmoja barabarani, kaka yangu akalipa, tukatoka. Baada ya hapo nakumbuka dari ya hospitali. Katikati hapana kitu. Sasa sisi tulikuwa tukibadilishana usukani. Wakati mwingine tulibadilishana tukimaliza kunywa chai, wakati mwingine hatukubadilishana. Wote tulitupwa nje. Polisi wameandika aliyeendesha ni kaka, kwa sababu yeye hawezi kubisha."

"Ndiyo," alisema Taratibu polepole.

"Msibani watu walisema wazi: kajiua mwenyewe, alitaka kumuua na mdogo wake. Shemeji yangu, mke wa marehemu, ameyasikia hayo kwa masikio yake, amekaa nayo mpaka leo. Mama mzazi anayajua. Mimi ndiye ninayepewa pole. Napewa kiti, nawekewa chakula cha kwanza. Na kila tonge najiuliza, je, kama ni mimi? Kama kaka amelala kaburini na kosa langu?" Akainyoosha ile karatasi juu ya goti. "Nimepata nakala ya maelezo yako. Umeandika hivi: 'Nilimwona dereva wa lori akitazama mbele. Hakugeuka kuitazama treni.' Mzee wangu, wewe ulimwona. Niangalie vizuri. Ni mimi, au si mimi?"

Maji yalianza kuchemka jikoni. Hakuna aliyeinuka.

Taratibu alimtazama yule mtu usoni kama alivyoombwa. Aliona jinsi ambavyo angeweza kulimaliza jambo lile kwa neno moja. Akisema "Ni kaka yako," kijana atalala usingizi. Akisema "Ni wewe," marehemu atapumzika na mjane atainua kichwa. Maneno yote mawili yalikuwa mdomoni, na yote hayakuwa yake.

"Sikuona," alisema.

"Hukuona nini?"

"Sikumwona dereva. Niliona lori. Niliona vichwa viwili kwenye kioo, vyote vina kofia nyeupe."

"Kofia za kampuni ya saruji. Tulivaa wote."

"Basi. Halafu jua likapiga kwenye kioo. Na mimi... mimi nilifumba macho, mwanangu. Nilimwambia msaidizi alale chini, nikabaki nimesimama na mkono kwenye honi, nikafumba macho. Niliyafungua tumeshapita."

"Lakini umeandika!"

"Yule aliyekuwa akinihoji aliniuliza, 'Ulimwona akifanya nini?' Hakuniuliza kama nilimwona. Mimi nina miaka ishirini na sita kazini, ningesemaje kwamba nilifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano? Nikasema alikuwa anatazama mbele. Nilidhani ni sentensi tu. Sikudhani kuna mtu atakuja kuiishi."

Mgeni alisimama ghafla, gongo likaanguka, akaliokota mwenyewe, akakataa mkono aliopewa. "Siku mbili kwenye basi," alisema. "Siku mbili na mguu huu, kwa sentensi moja. Kumbe uongo." Akatoka.

Taratibu alimsikia akikokota mguu hadi mwisho wa safu ya nyumba, halafu kimya. Alikwenda jikoni akazima moto. Sufuria lilikuwa limekauka, limebaki na alama nyeupe chini. Alisimama pale bila kufanya lolote, kwa muda ambao mtu angeweza kufua shuka.

Kisha mlango ukasukumwa tena.

"Basi la kurudi ni kesho," alisema mgeni bila kumtazama.

"Chai imekauka. Nitaweka nyingine."

Siku hiyo wali wa watu wawili uliliwa na watu wawili. Waliongea machache. Mgeni alimsimulia habari za kaka yake: jinsi alivyokuwa akiimba vibaya na kwa sauti kubwa akiwa njiani, jinsi alivyokuwa na tabia ya kulala mdomo wazi na bado akabisha kwamba hakuwa amelala. Taratibu alisikiliza kila neno. Mwaka mzima na nusu marehemu alikuwa kofia nyeupe tu. Sasa alikuwa mtu, na akawa mzito zaidi.

Jumatatu alivaa shati la mikono mirefu akaenda ofisini kwa msimamizi, akasema anataka kurekebisha maelezo yake. Msimamizi alivua miwani.

"Taratibu, faili limefungwa. Huna kosa. Unachokoa nini?"

"Hilo la kutokuwa na kosa liacheni palepale. Nataka liandikwe kwamba sikumwona dereva. Hakuna aliyemwona."

"Utapata barua ya onyo kwa kusema uongo kwenye uchunguzi."

"Iandike."

Barua ilikuja baada ya wiki, na pamoja nayo nakala ya maelezo mapya yenye mhuri. Aliomba ruhusa ya siku nne, akapanda basi, akaenda hadi kwa yule mjane. Yule kijana wa lori alimpokea kituoni na gongo lake, wakaenda pamoja. Mjane alikuwa fundi cherehani. Aliwakaribisha chumbani kwake, akakaa nyuma ya cherehani kama mtu aliye nyuma ya kaunta, mkono juu ya gurudumu. Mama mzazi alikuwa kitandani, amegeukia ukuta, lakini hakuwa amelala.

Taratibu alisema alichokuja kusema. Hakukipamba. Alisema alifumba macho, alidanganya, na kwamba hakuna mtu duniani anayejua nani alishika usukani.

Mjane aliisoma karatasi mara mbili. "Kwa hiyo si yeye?"

"Sijui, mama. Huenda ni yeye. Mtu yeyote asikuambie anajua."

"Hilo ndilo nililokuwa nalitaka," alisema. "Sikutaka aambiwe hana kosa. Nilitaka waseme hawajui." Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na nyuzi. Halafu machozi yakaja, na akashona huku yakitiririka, kwa sababu kulikuwa na gauni la mteja la jioni ile.

Kutoka kitandani, mama mzazi alisema bila kugeuka, "Mpe mgeni maji." Kisha, baada ya kitambo, "Na mdogo wake naye mpe. Amesimama na mguu ule."

Taratibu alirudi nyumbani siku ya nne. Kabla hajavua viatu alimpigia mkewe simu, akamweleza yote toka mwanzo: honi, vumbi, macho, sentensi. Hakuwahi kuongea naye kwa muda mrefu namna ile kwa mwaka na nusu. Upande wa pili alikuwa akisikia pumzi yake, na mjukuu akigonga kitu.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza mkewe mwishowe.

"Kila mtu alisema sina kosa. Nikaona haya."

"Mimi si kila mtu."

"Najua."

"Siwezi kukuambia nakuja kesho," mkewe alisema. "Huyu mtoto ana homa, na mimi pia nimezoea huku. Lakini nipigie kesho. Uongee hivihivi."

"Nitapiga."

Mtoto alilia, simu ikakatika. Taratibu alipima mchele, akasita, akarudisha kikombe kimoja kwenye gunia. Asubuhi ilimkuta stesheni kama kawaida. Mabehewa kumi na manne yalikuwa yanamngoja yapangwe, na msaidizi wake wa zamani, ambaye sasa aliendesha njia kuu, alipita na treni ya saruji akampungia mkono kutoka dirishani. Taratibu naye akainua wake, akaitazama treni mpaka behewa la mwisho.