Mwongozo wa Ulamila hukuuliza kwenu wapi, kisha hungoja

Saa mbili kasorobo asubuhi, mlango wa Makumbusho ya Bandarini hapa Suva, Fiji, bado umefungwa, na Ulamila Nasedra anazungumza na ukuta.

Mkono mmoja umeshika simu, mwingine kitambaa cha kufutia vioo. Masikioni amevaa spika ndogo. Anaisikiliza sauti yake mwenyewe ikisema, "Bula. Karibu. Mimi naitwa Ulamila. Wewe kwenu wapi?"

Halafu simu inanyamaza.

Ulamila naye ananyamaza. Mvua inapiga bati. Ukuta haujibu, maana ulijengwa kuwa wa ghala la mbata na hakuna aliyewahi kuuuliza kitu. Unapita muda wa kumtosha mtu kutaja kijiji chake, kijiji cha mama yake, na kuulizia kama kuna chai. Ndipo sauti inarudi: "Haya, vizuri. Tuingie wote. Weka mguu kwenye mstari ulioinuka sakafuni."

"Kipo," anasema Ulamila, na kuendelea kufuta kioo.

Anachokikagua kila asubuhi ni kile kimya. Maneno, anasema, hayana wasiwasi, hakuna anayeyagusa. Kimya ndicho chenye maadui.

Leo amekikagua mara tatu, kwa sababu mume wake, Sikeli, amesema atakuja saa nne. Si mara ya kwanza kusema hivyo.

"Wiki iliyopita alivaa mpaka kandambili za kutokea," anasema. "Nikatoka nje kuita teksi. Kurudi, ameshavua, anadai miguu imevimba. Miguu ya Sikeli huvimba ukitaja teksi."

Sikeli alikuwa kuli wa bandari, mmoja wa wale waliosikika kabla ya kuonekana. Alikuwa akimwita mwenzake aliyeko ndani ya meli, na nahodha anageuka. Kisha kisukari kikamchukua macho, kwanza moja, halafu la pili. Ni mwaka wa pili sasa hajavuka ua wa nyumba yao ya mtaa wa Nabua. Kanisani anakwenda kwa redio. Marafiki wa raga walikuja, wakanywa naye yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, wakamwahidi kumpeleka uwanjani, naye akawaambia wakapate kwanza timu inayostahili kusikilizwa.

Ulamila hakuwahi kumbembeleza. Hawa wawili wametoka vijiji vya utani, yeye wa Waidamu na mume wa Nasoloni, na watani wetu mnawajua. Mtani anaweza kukukuta umekaa mkekani, akauchukua mkeka, na wewe ukabaki unamshukuru. Mambo ya kubembelezana hayamo. Kwa hiyo kwa mwaka mzima alimchokoza, naye alijibu, lakini kiti hakukiacha.

Kazini kwake, Ulamila alianza kwa kufagia. Baadaye akawekwa mlangoni kukata tiketi, na ukweli ni kwamba kufagia hakukukoma. Mwaka jana makumbusho yakaletewa simu za kuwaongoza wageni. Asiyeona huelezwa kilicho mbele yake, na vitu vingine huruhusiwa kuvishika. Asiyesikia humwona kwenye simu binti anayeitwa Vasiti akieleza kwa lugha ya alama, kwa mikono yenye maneno mengi kuliko midomo ya baadhi yetu. Mwenye kiti cha magurudumu huonyeshwa njia isiyo na ngazi. Jambo jema kabisa, na Ulamila alilipokea kwa mikono miwili.

Tatizo lilikuwa sauti. Alikodiwa mtangazaji wa redio, bwana mwenye sauti nzito ya kutangazia vifo na matokeo ya raga. Alisoma kila kitu bila kuvuta pumzi.

Mmoja wa wageni wa kwanza alikuwa Mzee Josaia, asiyeona, aliyeshuka kutoka milimani na binti yake. Simu ikasema, "Bula." Mzee akavua kofia, akajibu "bula vinaka", akaanza kueleza ametokea wapi. Alipofika kwenye kijiji cha mama yake, simu ilikuwa imeshafika kwenye jino la nyangumi, kabati la tatu.

Mzee akazitoa spika masikioni, akamkabidhi Ulamila kwa adabu zote.

"Bwana wako huyu ana haraka, mama," akasema. "Hata hakuniuliza kwetu. Mwache atangulie, mimi nitakaa barazani."

Akakaa barazani mpaka binti yake alipomaliza kuzunguka.

"Nilipomtazama pale barazani nilimwona Sikeli," anasema Ulamila. "Nikajua hata nikimleta na kreni ya bandari, atatoka vilevile. Halafu hatanipa nafasi nyingine."

Akaenda kwa mkubwa wake, akaomba asome yeye. Mkubwa akakubali papo hapo, hasa aliposikia kwamba hataki malipo. Ndivyo ilivyo hadi leo: sauti ya Ulamila inafanya kazi ya pili kutwa nzima, na mshahara wa mwenyewe haujasikia habari hizo.

Makumbusho yapo jirani na soko na stendi ya mabasi, kwa hiyo alirekodia nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, simu akaizungushia mito, mlango akaufunga na kuuzibia taulo kwa chini. Kila alipouliza swali, alingoja. Alimtazama mtu asiyekuwepo, akampa nafasi ya kujibu, kisha akaendelea.

Inaonekana angeweza tu kumwambia fundi aweke nafasi tupu hapo. Anakataa.

"Ukimuuliza mtu na humngojei, anajua," anasema. "Hata kwenye simu anajua."

Fundi mwenyewe ni Praneel Dutt, kijana mwenye kompyuta tatu na mashati mawili. Aliichukua kazi ya Ulamila, akaipitisha kwenye programu ya kusafisha sauti. Programu ikakuta kimya, ikadhani ni uchafu, ikakifagia chote. Ulamila aliposikiliza, alijikuta anauliza watu kwao na kuwaambia vizuri kwa pumzi moja.

"Mwanangu, umenifanya nini? Nimekuwa kama nakimbizwa na mbwa."

"Anti, vile vimya vilikuwa virefu mno. Watu watafikiri simu imezimika."

"Wewe ukinisalimia asubuhi nikafikiri kidogo kabla ya kukujibu, unafikiri nimezimika?"

"Anti, wewe ni mtu."

"Na huyo wa kwenye simu ni nani?"

Praneel akafungua tena kompyuta. Akarudisha vimya vyote, kimoja kimoja, na hapo ndipo alipogundua kwamba havikuwa vitupu. Ndani yake mlikuwa na pumzi za Ulamila. Kiti kililalamika alipoinama. Na kwenye kile cha kwanza, baada ya "kwenu wapi", kwa mbali, nyuma ya mlango uliozibwa taulo, kulikuwa na mwanamume anakohoa.

"Anti, kuna mtu humu."

"Ni mume wangu."

"Nimtoe?"

"Ukimtoa atakwenda wapi? Huyo hatoki nyumbani."

Kikohozi kikabaki. Wageni wengi hawakitambui. Mama mmoja kutoka Lautoka aliwahi kugeuka na kusema "pole".

Siku chache zilizopita, wakila muhogo na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, Ulamila alimwambia mumewe habari hiyo. Aliitunza kwa miezi, kama mtu anayetunza karata yake nzuri.

"Kumbe kila siku unaingia makumbusho bure," akamwambia. "Umewakoholea watu mpaka wa Japani. Mwili tu ndio umebaki nyumbani."

Sikeli aliacha kutafuna. "Wamesemaje?"

"Mmoja alikupa pole."

Akatafuna tena, taratibu. Halafu akasema atakwenda Ijumaa, na kwamba haendi kwa ajili ya mtu yeyote, anakwenda kuhakikisha kikohozi chake kinatumika vizuri.

Leo ni Ijumaa.

Saa nne inafika, saa nne inapita. Ulamila anafuta kioo ambacho hakina cha kufutwa. Praneel, ambaye hana kazi yoyote hapa leo, anakagua waya usio na tatizo. Teksi moja inasimama, wanashuka watalii wawili wenye mavazi ya mvua. Ulamila anawakatia tiketi huku akitazama mabegani mwao.

Teksi ya pili inasimama.

Sikeli anashuka polepole. Sulu yake, shuka ya kiunoni, imepigwa pasi hadi mkunjo wake unaweza kukata mkate, shati la maua limefungwa kifungo cha mwisho. Fimbo nyeupe ameishika mbali kidogo na mwili, kama mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa autazame.

"Nani yuko mlangoni?" anauliza.

"Mimi."

"Nilijua. Nasikia harufu ya Waidamu. Ficheni magimbi."

"Magimbi yenu tuliyaiba kwa huruma," anajibu Ulamila. "Yalikuwa yanawaaibisha mbele ya wageni."

Anamvalisha spika, anamwekea simu mfukoni. Kisha anarudi nyuma na kuishika mikono yake mgongoni, mkono mmoja umeukamata mwingine. Mgeni asiyeona hushikwa akiomba tu. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na leo anaonekana kuijutia.

"Bula," inasema simu. Kwa kuwa Sikeli amefungulia sauti yote, sote tunaisikia. "Karibu. Mimi naitwa Ulamila. Wewe kwenu wapi?"

Kimya.

Sikeli anapapasa kifungo cha shati. Watalii wamesimama pembeni wakimtazama, na mtu anayetazamwa huhisi kwenye ngozi. Anainamisha kichwa kidogo, na kwa mbali kabisa, masikioni mwake, anakohoa Sikeli wa jikoni Nabua. Huyu wa hapa anashtuka. Hajibu.

"Haya, vizuri. Tuingie wote."

Fimbo inageukia mlango wa barazani. Ulamila anatazama sakafu. Praneel ameuacha waya.

Halafu kandambili ya Sikeli inausikia mstari ulioinuka. Inaupapasa, inaukanyaga, inapiga hatua.

Anakwenda. Kwenye kitambaa cha gome la mti anashika kipande kilichowekwa kwa ajili ya kushikwa, anakisugua baina ya vidole viwili na kunung'unika kuhusu bei za siku hizi. Kwenye jino la nyangumi, ambalo kwetu hutolewa kwa heshima kubwa, anasimama wima bila kuambiwa. Kwenye bakuli la yaqona simu inamuuliza kama amewahi kulevywa na kinywaji hicho, na tunamsikia akijibu kwa sauti ya chini, "Muulize mke wangu."

Kituo cha sita ni kulabu ya makuli, ile ya kuvutia magunia. Ipo mezani, imefungwa kwa mnyororo.

"Mume wangu alikuwa nayo kama hii," inasema sauti ya Ulamila. "Aliitundika nyuma ya mlango, ikanichania gauni la kanisani. Ishike."

Sikeli anaishika. Ghafla anacheka, kicheko cha bandarini, kile cha kumgeuza nahodha, na mtalii mmoja anarukia pembeni.

"Kasema gauni," anatangazia chumba kizima. "Miaka yote hii, mpaka kwenye mashine, bado anasema gauni."

"Lilikuwa jipya," anasema Ulamila kutoka mlangoni.

Anacheka peke yake kwa muda. Kisha anaiweka kulabu begani, ncha ikining'inia mgongoni, na kusimama hivyo, kama mtu anayengoja zamu yake iitwe. Mnyororo umevutika mpaka mwisho. 

Anapofika mwisho wa mstari, Ulamila anampokea na kunyoosha mkono apewe simu. Hapewi.

"Umechoka?" anamuuliza.

"Nirudishe mwanzo."

"Kuna kitu hukusikia?"

"Nilisikia vyote. Niliulizwa kwetu, sikujibu." Anasafisha koo. "Si adabu."

Ulamila anachelewa kidogo kubonyeza. Kisha anambonyezea, na anamsogeza pale mbele ya ukuta kwa kiwiko, maana safari hii ameombwa.

"Wewe kwenu wapi?"

"Naitwa Sikeli," anasema Sikeli, kwa sauti, kwa ukuta, kwa watalii na kwa Praneel. "Mimi ni wa Nasoloni. Mama yangu ni wa kisiwa cha Koro, kule upande wa upepo. Ukuta huu naujua, nimeingiza mbata humu kabla hamjaweka vioo. Macho yamekwisha, lakini mabega yapo. Nimeoa Waidamu, kwa bahati mbaya, mwanamke mmoja ambaye..."

"Haya, vizuri," inasema simu. "Tuingie wote."

Sikeli anamgeukia mkewe. "Umenikatiza. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwako."

Ulamila anafuta uso kwa kile kitambaa cha vioo. Mipango anayo. Mwezi ujao mama yake Praneel atasoma mwongozo kwa Kihindi, naye atafundishwa kungoja. Baada ya hapo anataka simu chache zikaazimwe kliniki ya kisukari, ziwafikie wale ambao miguu yao huvimba wakisikia teksi. Lakini kazi ya leo ni moja tu.

"Mwanangu," anamwita Praneel, "kile kimya cha kwanza kiongeze."

"Kiasi gani, Anti?"

Ulamila anambonyezea mumewe simu tena. Sikeli ananyoosha shati, anavuta pumzi, na anaanza upya kutoka Nasoloni.

"Ngoja amalize," anasema Ulamila, "ndiyo tutajua."