Mume Wangu Alirekodi Ngoma Juu ya Somo Langu la Ukunga

Admin, jina langu kaa nalo wewe. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mhudumu wa zahanati huku Kharumwa, mnene kiasi kwamba wajawazito huniuliza na mimi nina miezi mingapi.

Miaka ya tisini nilitamani sana kuwa mkunga. Nikajiunga na chuo, nacho kikasema hakuna tena kwenda kukaa darasani. Masomo yatakuja kwa kaseti, tusikilize nyumbani, kisha tuitwe Shinyanga kwa mtihani wa vitendo. Nilifurahi, maana nilikuwa nanyonyesha mapacha. Redio ilikuwa moja, ya mume wangu, Baba Kulwa. Nikiiwasha, mama mkwe na majirani wanasogeza vigoda, wanamsuta mwalimu: "Huyu mwanaume uchungu kaujulia wapi?"

Sasa Baba Kulwa alikuwa mcheza ngoma. Baada ya mavuno kundi lao likashindana, akakosa kaseti tupu ya kurekodia, akachukua yangu. Siku nakaa kusikiliza somo la kondo la nyuma lililokwama, nakutana na ngoma, na mume wangu anajisifu kwa Kisukuma.

"Mama Kulwa, usinune," akaniambia. "Bibi yangu kazalisha kijiji kizima, kaseti hakuwahi kuiona."

Nikaomba nyingine chuoni, haikuja. Kwenye mtihani msimamizi akasema, "Mama, mtoto ametoka, kondo limekwama, damu inamwagika. Anza." Nikasimama na glavu zangu kama bibi harusi aliyekosea kanisa. Nikafeli, na nafasi ya pili haikuwepo. Tangu hapo napiga deki chumba cha kujifungulia, nawapisha wakunga.

Watoto sikuwaambia. Nilitaka wamheshimu baba yao, na kweli amewalea. Sasa binti yetu Kulwa ni muuguzi, na kazini wameambiwa masomo ya kujiendeleza ni mtandaoni, kwa simu. Juzi tunakula, baba yake akamwambia, "Kaza akili. Usiwe kama mama yako, aliletewa chuo mpaka sebuleni akafeli."

Kulwa akanigeukia. "Kumbe ulifeli, mama? Ilikuwaje?"

Nikasema nilikuwa mzito wa kichwa. Wakacheka, nami nikacheka. Nilimtazama Baba Kulwa usoni, sikuona hata aibu. Amesahau kabisa, na hilo linaniuma kuliko kufeli.

Nikisema ukweli, namvunjia mzee heshima mbele ya mwanawe. Nikinyamaza, nitazikwa kama mjinga wa nyumba hii. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Ila msiniambie nisamehe na kusahau. Kusahau, mwenzangu ameshasahau kwa niaba yetu wote.