Mchanga Wangu wa Njia ya Moba

Nilirudi Kalemie katikati ya kiangazi nikiwa na tasnifu ya uzamili ambayo haikukataliwa wala kukubaliwa. Ilikuwa imerudishwa. Niliandika humo juu ya ghuba moja ndogo iliyoko kati ya Kalemie na Moba, ambako, kwa mujibu wa picha za setilaiti, mchanga mweupe hutokea kila kiangazi na kutoweka mvua zinapoanza. Nilieleza jambo hilo kwa mikondo ya maji, kwa upepo wa kusini, na kwa hesabu ambazo hadi leo naziona kuwa nzuri. Siku ya kuitetea, profesa mmoja aliifunga nakala yake, akaniuliza kwa upole kama niliwahi kuukanyaga mchanga huo. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha nikamuuliza anamaanisha nini kwa neno kukanyaga.

Nikapewa hadi mwanzo wa mvua kwenda kuuona kwa macho yangu. Vinginevyo, shahada basi.

Mtu mwingine yeyote wa Kalemie angepanda boti kesho yake. Mimi naogopa boti. Sisemi kwamba sizipendi. Naziogopa, kwa sababu ambazo nimezipanga kuanzia iliyo nzito hadi iliyo nyepesi, na hata iliyo nyepesi peke yake inatosha. Kwa hiyo niliitangazia familia kwamba tunahitaji likizo: twende Moba kwa gari, polepole, tukiliangalia ziwa, kama watu waliotoka kutembea tu, na tufikie kwa mama mkubwa, dada yake Mama.

"Kwa nini tusipande boti kama wantu?" aliuliza Mama, akichambua majani ya sombe.

"Kwa gari tutaona pwani vizuri zaidi."

"Anaogopa maji, Mama," alisema dada yangu mdogo. "Amesoma maji mpaka Lubumbashi, na sasa akiona beseni anarudi nyuma."

Mjomba alikubali kutoa gari lake, kwa sharti kwamba usukani asiuguse mtu mwingine. Gari hilo lilivushwa kutoka Kigoma, na usukani wake uko kulia. Kwa kuwa tungeelekea kusini, ziwa lingekuwa kushoto. Kwa hiyo kiti cha mbele cha abiria ndicho kingekuwa na mandhari bora, na kiti hicho, bila mjadala, ni cha baba yangu, Papa. Nilipendekeza tupokezane viti kila tutakaposimama, ili haki ya kutazama igawanywe sawasawa. Papa alinitazama kama mtu aliyeombwa avue suruali.

Lilikuwapo pia tatizo la barabara yenyewe, ambayo inaliacha ziwa mapema na kupanda milimani. Hilo nililijua tangu mwanzo. Nilichagua njia ndogo zinazoteremka kutoka barabarani hadi majini, ikiwemo ile ya ghuba yangu, na nikamwonyesha mjomba.

"Kila fasi tunashuka, halafu tunapanda tena," alisema. "Hii gari ni mbuzi?"

Ndipo nikaamua kufanya uchunguzi. Nilitaka kujua ni mteremko gani unapitika. Nikauliza sokoni, nikauliza bandarini, nikauliza mbele ya kanisa baada ya misa. Maswali yangu yalikuwa kamili: mawe yana ukubwa gani, udongo ni wa aina gani, daraja la miti lina miti mingapi. Hakuna aliyeyajibu. Wote walisikia jambo moja tu, kwamba kuna gari linaloenda Moba.

Kwetu, gari linaloenda mahali si la mwenyewe peke yake. Mwenye ndugu huko uendako atakuletea mzigo, na ukiukataa umemwambia kwamba ndugu yake si mtu. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Hata hivyo sikulihusisha na uchunguzi, kwa sababu nilikuwa nimeuweka uchunguzi upande wa elimu.

Zilianza kuja sabuni. Likafuata godoro. Vikafuata viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, kisha mapazia, kisha sufuria ya kupikia watu wa matanga. Nilisimama mlangoni nikitafuta maneno ya heshima ya kukataa, na huenda ningeyapata, kama Papa asingetoka ndani na chaki.

Papa alifanya kazi ya reli, upande wa mizigo, hadi alipostaafu. Tangu hapo hushinda barazani akisikiliza kama kuna treni. Sasa alikuwa amevaa viatu.

"Hii inaenda kwa nani?" alimuuliza mama mmoja wa jirani. "Jina la muntu, Mama. Hapana jina la mutaa."

Aliandika kila jina kwa chaki, akaupanga mzigo ukutani, mzito chini na mwepesi juu, huku akiimba kwa pua. Sikuweza kumwambia kwamba ananizibia ziwa.

Mzigo wa mwisho ulikuwa kioo cha kabati cha bibi arusi, kirefu kunishinda. Alasiri tulipolipakia gari, kioo kilikataa kulala. Kilikubali kusimama upande wa kushoto tu, kikiziba madirisha yote ya ziwa. Nikashauri kihamishiwe kulia. Nilieleza kwamba kikiinamishwa kidogo, ziwa lingeakisiwa ndani, na hata asiye na dirisha angeliona. Nilichora pembe ardhini kwa kijiti.

"Yaani tumesafiri kwenda kutazama kioo," alisema dada yangu. "Si tungebaki kwa kinyozi?"

Papa alilizunguka gari mara moja, akapiga tairi kwa kiatu.

"Mizigo itaenda na boti," alisema. "Na mizigo haisafiri bila musindikizaji. Sasa, nani alitangaza hii safari?"

Wote walinitazama. Mjomba alianza kushusha godoro.

Asubuhi Mama alinisindikiza hadi bandarini, akanifunga shali shingoni kama ninakwenda Ulaya. "Mutoto yangu, ukisikia woga, shika kioo. Ukishika kioo, hautashika wantu."

Botini nilikaa juu ya godoro, uso wangu ukielekea ziwa pana na mgongo pwani, nikikikumbatia kioo kwa mikono miwili. Sikugeuka, kwa kuwa kugeuka kulihitaji mkono mmoja. Baadaye upepo uliifunua kanga iliyokifunika kioo, nami nikaiona pwani yote ikipita nyuma ya sikio langu: vilima, migomba, mitumbwi iliyoanikwa. Kisha ikaja ghuba yangu. Niliitambua mara moja, japo kioo kilikuwa kimeigeuza, kulia ikawa kushoto. Mchanga ulikuwapo. Ulikuwa mweupe, kama nilivyoandika.

Ndani ya kioo, wanawake waliinama wakiugeuza mchanga wangu kwa mikono. Mmoja aliutia ndani ya beseni, akajitwika, akaondoka nao.

Niliachia mkono mmoja, kisha wa pili, nikageuka.

Ulikuwa muhogo. Ulilowekwa, ukatolewa majini, ukavunjwa vipande, ukaanikwa juu ya majabali ghuba nzima. Hutokea kila kiangazi, na mvua zikianza hutoweka, kwa kuwa nani anaanika muhogo mvuani? Nilicheka hadi mama aliyekuwa jirani yangu akasogeza kuku wake mbali nami.

Gari lilifika Moba baada yangu. Halikushuka kwenye mteremko hata mmoja. Papa alisema ratiba hairuhusu. Mama aliona miti, na akaiona vizuri.

"Umeona huo mchanga?" dada yangu aliniuliza kabla hata ya kunisalimu.

"Ni muhogo."

Alikaa chini juu ya viti vya plastiki vya watu.

"Utaandika hivyo?"

"Nitaandika hivyo. Nimeuona."

Jioni mama mkubwa alituwekea bukari, ugali mweupe wa muhogo, na samaki kuhe wa mchuzi. Nilimuuliza unga umetoka wapi. Alionyesha kwa kidole upande wa kaskazini, kando ya maji. Nikala sura ya nne ya tasnifu yangu, na nusu ya sura ya tano. Akaniuliza kama naongeza.

Nikamsogezea sahani.